Neno "kwa" katika Pulpit kwa Street: rapu ya Kikristo ikisikilizwa kutoka Kambove

Majina ya albamu mbili za kwanza za Juliani, msanii wa hip hop ya Kikristo kutoka Nairobi, ni mazoezi mawili ya sintaksia hata kabla ya kusikiliza wimbo mmoja. Ya kwanza, ya mwaka 2008, inaitwa Mtaa Mentality. Ya pili, ya mwaka 2011, inaitwa Pulpit kwa Street. Majina yote mawili yanachanganya Kiswahili na Kiingereza, lakini hayachanganyi kwa namna moja.

Katika jina la kwanza neno la Kiswahili ni mtaa, na limewekwa mbele kumfafanulia Mwingereza nomino yake. Kiswahili hakipangi hivyo. Sisi tunaanza na kinachofafanuliwa: fikra za mtaa, akili ya mtaa. Hata tunapobandika nomino mbili bila kiunganifu, kama katika askari kanzu, anayetangulia ndiye mwenye nyumba. Kwa hiyo Mtaa Mentality ni neno la Kiswahili lililokaa ndani ya kiunzi cha Kiingereza. Jina la pili limegeuza mambo. Nomino zote mbili ni za Kiingereza, mimbari na barabara, lakini kilichozishika pamoja ni kwa, na kwa ni yetu. Carol Myers-Scotton, ambaye kitabu chake cha 1993 kinategemea sana mazungumzo ya Nairobi, anasema kwamba katika ubadilishaji msimbo kuna lugha moja inayotoa kiunzi, yaani mpangilio na viungo vidogo vya kisarufi, na nyingine inayopachikwa maneno tu. Kwa kipimo hicho, katika miaka mitatu Juliani alihama: mwaka 2008 jina lake lilikuwa Kiingereza chenye neno la Kiswahili, mwaka 2011 likawa Kiswahili chenye maneno ya Kiingereza.

Sitaki kulipa jina la albamu uzito kuliko linavyostahili. Albamu iliyofuata iliitwa Exponential Potential, ambamo hakuna Kiswahili kabisa, kwa hiyo asije mtu akachora mstari ulionyooka. Na ndani ya nyimbo zenyewe, tangu mwanzo, kiunzi mara nyingi ni cha Kiswahili. Lakini jina ndilo linaloandikwa kwenye kasha na kutajwa redioni, na hili la pili linanihusu kwa sababu ya pekee. Vijana wa Kambove waliponionyesha faili ya albamu hiyo kwenye simu, neno pekee walilolielewa katika jina lote lilikuwa kwa. Sisi tulisoma shule kwa Kifaransa. Pulpit haituambii kitu.

Kwanza niseme anatoka wapi. Juliani, jina lake Julius Owino, alizaliwa mwaka 1984 na kukulia Dandora, mashariki ya Nairobi, mtaa unaojulikana kwa mambo mawili: jaa kubwa la taka na hip hop. Kundi la Kalamashaka lilitoka hapo, na wimbo wao wa mwaka 1997 una jina ambalo mwanaisimu hawezi kulipita bila kusimama: "Tafsiri Hii". Kabla yao rapu nyingi ya Nairobi ilijaribu kusikika Kimarekani. Kalamashaka walirapu kwa Kiswahili na Sheng, na kutoka kwao na wenzao wa Mombasa likazaliwa kundi pana la Ukoo Flani Mau Mau. Humo ndimo Juliani alimojifunza kazi. Mwaka 2005 aliokoka, na tangu hapo akafanya jambo ambalo kwa wengi lilikuwa la majaribio: hakuiacha lugha ya Dandora mlangoni mwa kanisa.

Watu wanasema jaribio lake lilikuwa kuingiza midundo ya hip hop kanisani. Sikubaliani. Midundo ilikuwa imeshaanza kuingia kwa milango mingine, na kanisa la Afrika lina historia ndefu ya kubadili ngoma. Mfano mkubwa kuliko wote uko kwetu Katanga. Tarehe 23 Machi 1958, huko Kamina, padri Mfransisko Guido Haazen na kwaya yake ya watoto na walimu, Les Troubadours du Roi Baudouin, waliimba kwa mara ya kwanza Missa Luba. Kwaya ikaenda Ulaya mwaka huohuo, sahani ya santuri ikatoka kwa Philips, na miaka kumi baadaye Sanctus yake ikasikika katika filamu ya Kiingereza If.... Ngoma zilikuwa za hapa, sauti za hapa, miitikio ya hapa. Maneno yalikuwa Kilatini kitupu. Mtaguso wa Vatikano ulikuwa bado. Ruhusa ya lugha za watu ilikuja na hati ya Desemba 1963. Simlaumu Haazen kwa hilo. Ninachosema ni kwamba ngoma ilibadilishwa na ulimi ukaachwa, na kwamba jaribio la namna hiyo ndilo rahisi zaidi kusifiwa ugenini, kwa sababu msikilizaji wa Brussels hahitaji kuelewa chochote kipya.

Juliani alibadili ulimi. Na kubadili ulimi katika Kiswahili cha dini si jambo dogo, maana Kiswahili hicho kina rejesta yake iliyokomaa. Biblia ya Union Version, iliyokamilika mwaka 1952, imewafundisha Wakristo wa nchi kadhaa jinsi Mungu anavyozungumza: kwa tazama, kwa amin, kwa akasema akanena. Ni Kiswahili kizuri. Mimi mwenyewe nilikijua kwa sikio kabla ya kukijua darasani. Lakini mtoto wa Dandora, kama mtoto wa Kambove, anakikuta Jumapili tu. Sheng, ambayo Abdulaziz na Osinde waliieleza mwaka 1997 kama msimbo wa vijana, na ambayo Chege Githiora katika kitabu chake cha 2018 anaiona kuwa tayari ni Kiswahili cha kienyeji cha Kenya, ndiyo lugha ya siku sita zilizobaki. Chukua jina la wimbo wake "Bahasha ya Ocampo". Mwaka 2009 Kofi Annan alimkabidhi mwendesha mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai bahasha yenye majina ya watu walioshukiwa kwa vurugu za baada ya uchaguzi, na kwa mwaka mzima na zaidi Kenya nzima ikawa inajiuliza nani yumo. Kiswahili cha kanisa kina picha yake ya zamani ya majina yaliyoandikwa mahali na kusubiri kusomwa: kitabu. Juliani akachukua bahasha. (Kwetu Kongo mahakama hiyo si mgeni, mtu wa kwanza iliyemtia hatiani, mwaka 2012, alikuwa Thomas Lubanga wa Ituri. Bado sijasikia mtu wa kwetu aliyeifanyia wimbo wa kanisa.)

Turudi kwenye kwa, maana hapo ndipo penye utajiri. Mzungumzaji wa pwani hutumia kwa ya mahali pamoja na watu: kwa Juma, kwa mganga. Mahali penyewe hupewa -ni: nyumbani, mtaani, mimbarini. Nairobi -ni imelegea, na kwa imechukua kazi yake, hata mtu anasema yuko kwa nyumba, simu iko kwa meza. Kwa hiyo msikilizaji wa Nairobi anaweza kusoma Pulpit kwa Street kama mimbari iliyoko mtaani. Anaweza pia kuisoma kama safari: kutoka mimbari kwenda mtaa. Na kuna usomaji wa tatu, ambao hata bibi wa Lamu angeukubali, ule wa wake kwa waume, wakubwa kwa wadogo, ambamo kwa haielekezi wala haikalishi bali inaweka viwili katika hesabu moja. Mimbari pamoja na mtaa, bila mmoja kuwa juu ya mwingine. Maana tatu kwa silabi moja. Sijui kama alikusudia zote, na kwa uchambuzi wa lugha si lazima akusudie. Mtu aliyekulia katika kupiga maneno chenga hahitaji kuitisha kikao.

Sasa ijaribu tafsiri ya Kambove. Kambove iko kilomita zipatazo 25 kutoka Likasi, mji wa shaba tangu enzi za Union Minière, na Kiswahili chake ni kile cha migodi ya Katanga ambacho wasomaji wa jarida hili wanakijua kwa Fabian, Polomé na de Rooij, na wengine wetu kwa mama zetu. Ndani yake kwa haiwezi kufanya ujanja ule, kwa sababu sisi hatukupoteza ngeli za mahali. Tunazo mu na ku, mbichi kabisa, zikiwa zimeshikiliwa na Kisanga, Kiluba na Kibemba tunavyovizungumza pembeni. Inabidi uchague. Ukisema ku njia, kanisa linaelekea njiani, labda kwa matembezi ya uinjilisti, na jioni linarudi. Ukisema mu njia, limo humo ndani. Kile ambacho Sheng inaacha wazi, Kiswahili chetu kinakulazimisha kukiri. Naona hiyo ni faida. Na ndipo inaponiuma kuona faida hiyo inavyotupwa.

Likizo iliyopita nilikaa na vijana watano wa kanisa moja la Kambove, wanaorekodi rapu ya Kikristo chumbani kwa mmoja wao, kwa kompyuta ya kuazima, umeme ukiwepo. Waliniruhusu kunukuu maneno yao bila majina. Kati ya kurekodi na kurekodi walizungumza kama tunavyozungumza wote: batu bote, katoto, njo vile, Mungu eko. Kinasa kikiwashwa, ngeli zinabadilika. Batu wanakuwa watu, bote wanakuwa wote, Mungu yuko. Si kwa kuyumbayumba; kwa nidhamu kamili, kama mtu anayevaa shati. Niliuliza kwa nini. Mmoja akanijibu: "Ile Kiswahili yetu iko ya mu nyumba." Mwingine, mdogo kuliko wote, akaongeza kwamba ukisali nayo mbele ya watu ni kama unacheka na Mungu.

Huyo mdogo ndiye aliyekuwa na ubeti uliofutwa. Kaka yake mkubwa alifia katika shimo la wachimbaji, lilipoporomoka msimu wa mvua. Ubeti ulikuwa wa mistari minane, na aliuandika yeye peke yake. Kwetu kaka mkubwa au dada mkubwa anaitwa yaya. Mtu mmoja mwenye sauti kanisani, ambaye aliwahi kuishi Afrika Mashariki, aliusikia na kusema neno hilo libadilishwe, kwa sababu Dar es Salaam na Nairobi yaya ni mtumishi wa kulea mtoto, na wimbo ukifika huko watu watacheka. Weka kaka. Kama hoja ya leksikografia ni sahihi kabisa. Fungua kamusi yoyote ya sanifu. Kijana alijaribu. Mwishoni akasema, kwa sauti ambayo kwenye rekodi yangu haisikiki vizuri: "Mi sina kaka. Niko na yaya." (Kwa masikio yaliyosoma shule ya Kifaransa, kaka lina tatizo jingine pia, ambalo wasomaji watanisamehe nisilieleze.) Ubeti ukaondolewa, wimbo ukabaki na mistari kuhusu neema kwa jumla, ambayo mtu yeyote popote angeweza kuiandika.

Tazama kilichopotea kisarufi tu. Mstari mmoja ulisema kwamba yaya alikuwa ananileteaka mukate. Kile -ka cha mwisho si uchafu wa ulimi. Ni alama ya mazoea: aliniletea tena na tena, ilikuwa tabia yake, ndivyo alivyokuwa. Sanifu inalisema hilo kwa alikuwa akiniletea au kwa hu-, na inalisema vizuri, lakini hu- haikubali wakati uliopita kwa urahisi, na -ki- pale inaweza kuwa ya siku moja tu. Kwa kijana huyu, tofauti kati ya mkate wa siku moja na mkate wa kila jioni ndiyo maana ya ubeti.

Najua pingamizi zitakazoletwa, kwa kuwa nimeshazisikia katika kitivo. Mtu mmoja aliyesoma pendekezo la utafiti wangu aliandika pembeni, kwa kalamu nyekundu, kwamba kinachoitwa Kingwana ni makosa yaliyozoeleka, na kwamba Sheng ni ya kupita. Pingamizi la kwanza limejibiwa na watu wakubwa kuliko mimi, lakini kwa upande wa dini jibu letu ni la karibu zaidi. Katika kambi ya wafanyakazi ya Ruwe, Kolwezi, kuanzia mwaka 1953, Placide Tempels na wachimbaji na wake zao walianzisha Jamaa. Fabian, katika kitabu chake cha 1971, ameonyesha jinsi mafundisho yao yote yalivyojengwa juu ya maneno matatu: uzima, uzazi, mapendo. Hayo si maneno ya teolojia yaliyoshushwa kutoka Ulaya. Ni maneno ambayo mama wa kambini aliyatumia akizungumzia mtoto mgonjwa. Kwa Kiswahili hichohicho cha migodi, watu wa Katanga walifikiri juu ya Mungu kwa namna iliyowafanya maaskofu wakose usingizi. Asiseme mtu kwamba lugha hii haijawahi kuingia kanisani. Iliingia, ikafundisha, na leo wajukuu wa watu wale wanaivua mlangoni.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, na sitalikwepa: kueleweka. Juliani mwenyewe haeleweki Kambove. Nilipowachezea vijana wale Pulpit kwa Street nzima, walitikisa vichwa kwa mdundo na kunitazama wakisubiri tafsiri, na nusu ya tafsiri sikuwa nayo. Rapu iliyozama katika mtaa mmoja inalipa gharama hiyo. Lakini rapu ya Kambove kwa Kiswahili cha kuazima haijapata wasikilizaji wa Dar es Salaam. Imepoteza wa Kambove tu. Rapa wetu anayejulikana zaidi duniani, Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978 na kukulia Ubelgiji, anarapu hasa kwa Kifaransa, na jina lake lenyewe lina ba- ileile ambayo vijana wangu waliifuta: sanifu ingemwita Walozi.

Kuna pia hatari ya upande wa pili, na nimeiona Likasi. Baadhi ya wanaompenda Juliani wameanza kuiga Sheng yake, wakichomeka maneno ya Nairobi ambayo hawayatumii kuombea chumvi kwa jirani. Hilo halitofautiani na Kilatini cha Kamina. Ni mimbari ya mtu mwingine iliyobebwa hadi kwetu. Kama kuna cha kujifunza kwake, si msamiati, ni mahali alipoweka kiunganifu: alichukua sarufi ya nyumbani kuwa kiunzi, akaacha maneno makubwa ya wageni yajipange ndani yake. Kwa vijana wa Kambove maneno ya wageni yatakuwa ya Kifaransa, na kiunzi kitakuwa na mu, ku, ba-, ka- na -ka. De Rooij ameshaonyesha, kwa mazungumzo ya Lubumbashi, kwamba Kifaransa ndani ya Kiswahili chetu hakikai ovyo. Kinapanga hoja, kinafunga na kufungua. Mhubiri wa Likasi anayehubiri kwa Kifaransa huku mkalimani akimfuata kwa Kiswahili amewazoeza waumini kuzisikia lugha hizo mbili mguu kwa mguu. Rapu ingeweza kuzitia katika kinywa kimoja.

Mwezi uliopita kijana yule mdogo alinitumia faili mpya. Ameurudisha ubeti, amerekodi peke yake, bila kundi, na hajaupeleka kanisani. Yaya yumo, mukate umo, na -ka yake imo. Jina la faili ameliandika kwa vidole vya haraka: yaya mushimo. Maneno mawili, si matatu. Nilimpigia kumuuliza kama aliunganisha mu na shimo kwa makusudi, au ni simu iliyomrukia nafasi. Akashangaa kwamba yanaweza kutenganishwa. Katika unukuzi wetu wa darasani tumezoea kuiandika mu peke yake, kama kihusishi, kwa kufuata Kifaransa dans. Wanaofanya utafiti wa Kiswahili cha Katanga katika kitivo hiki wangenisaidia sana kwa maoni: je, tuendelee kuitenga, au tuiandike kama anavyoiandika yeye, kiambishi cha ngeli ya 18?